Shubiri: Siku Ngazi ya Damu Ilipoporomoka

Msomaji, tulimwacha Shubiri kasimama katikati ya ukumbi, shingo kaigeuza nyuma. Shingo hiyo bado imegeuka, maana alichokiona, macho yalikipokea lakini akili ikakikataa.

Aliyekaa safu ya mwisho, mkoba mapajani, alikuwa mama yake mzazi.

"Ndiye huyo!" Mtunzi alitamba kwenye kipaza sauti, kidole kakinyoosha. "Kila neno la kitabu changu limetoka kinywani mwa mama wa marehemu. Haya, wewe uliyeniita mwongo mbele za watu, mwite na mama yako mwongo. Tunakusikiliza!"

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Watu wakaziba masikio, ila macho hawakuyaziba.

Na wewe uliyefutia vioo vya dirisha gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, shika haya, sirudii. Shubiri ni mwanamke anayelipwa na gazeti kusoma vitabu vya mauaji na kusema ukweli juu yake. Jina hilo wamempa watunzi wenyewe, kwa uchungu. Mdogo wake alikufa mwaka jana, kaanguka ngazi za nyumbani kwake mchana kweupe. Mume wa marehemu, daktari wa meno, alisema alikuwa kliniki tangu asubuhi aking'oa meno ya watu, na polisi wakaridhika. Ndipo Mtunzi, ambaye riwaya zake Shubiri aliziita uji wa mgonjwa, akaibuka na kitabu kiitwacho Ngazi ya Damu. Jalada limeandikwa "kisa cha kweli tupu" kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe. Humo ndani muuaji ni daktari wa meno.

Inspekta wa polisi naye alikuwa amekisoma. Siku hiyo ya uzinduzi alikaa kiti cha mbele, pembe za kurasa kazikunja kama masikio, pingu zikionekana mfukoni. Kila aliyekuwepo pale juu ya duka la vitabu alijua kwamba Inspekta hatashuka peke yake.

Shemeji alikuwa viti vichache kutoka hapo. Alikuja kujitetea, na ndiye aliyemleta mama kwa gari lake, maana tangu mazishi mama anakaa kwake. Watu wamemsifu kwa hilo mpaka sifa zikachuja. Sasa alimgeukia mkwewe kwa uso wa mtu aliyeumwa na mbwa anayemlisha.

"Mama," Shubiri alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Habari ya vikombe viwili iliyomo kitabuni ulimwambia wewe?"

"Nilimwambia."

"Na ufunguo?"

"Na ufunguo."

"Na saa ya ukutani iliyosimama?"

"Na saa."

Hapo Shubiri akaelewa kila kitu, na alichokielewa kilimkera kabla hakijamsikitisha.

Wiki nzima alikuwa ameisoma Ngazi ya Damu mdomo kaubetua. Kila kidokezo kilichomtia shemeji hatiani alikuwa ameshakutana nacho mahali pengine. Alidhani Mtunzi ni mwizi. Kumbe hata wizi ulimshinda! Kaletewa mzigo wa wizi mpaka mlangoni, akaupokea na kusema asante.

Maana vitabu Shubiri anavyomaliza kuvidharau havitupi. Huvitia kwenye mfuko akampelekea mama. Mwezi uliopita peke yake alimpelekea mpelelezi mlevi aliyeachwa na mke, mpelelezi mlevi aliyefiwa na mke, na mpelelezi asiyekunywa kabisa ila mkewe ndiye mlevi. Alimpelekea kisa cha kweli cha muuza maua aliyeua waume zake kwa zamu, na kingine ambacho mwisho wake muuaji ni pacha. Hicho cha pacha Shubiri alikirusha ukutani, kikarudi na chokaa. Mama alikipangusa akakisoma mara mbili.

Na mama akisoma kitu, hakimtoki. Hata tangazo la dawa ya mbu analijua kwa moyo.

Basi Shubiri alisimama njia panda. Akinyamaza, shemeji anakwenda na pingu kwa ajili ya riwaya za watu. Akisema, mama yake anageuka kichekesho mbele ya ukumbi mzima. Shemeji mwenyewe hakumpenda hata chembe. Ni mtu aliyetabasamu msibani ili wafiwa wayaone meno yake. Lakini kipo kitu Shubiri alikichukia kuliko shemeji, nacho ni kuona hadithi mbovu inashinda.

"Mtunzi," akaita. "Mwaka huu umesoma vitabu gani vya upelelezi?"

"Mimi?" Mtunzi akacheka. "Mimi sisomi vya wenzangu. Nachelea kuambukizwa."

"Mwaka jana je?"

"Nimekwambia sisomi."

"Hata kimoja?"

"Hata ukurasa mmoja!" Alisema kwa fahari, akawatazama watu wampigie makofi. Wawili wakapiga.

"Ahsante, hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Mwenye duka, dada yangu, hebu shuka kwenye rafu ya upelelezi uniletee Mjane wa Chumba cha Nane, Ufunguo wa Kushoto, na kile chenye paka kwenye jalada."

Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, na tangu asubuhi alikuwa akiomba ugomvi kimoyomoyo, maana ugomvi unauza vitabu. Alishuka na kupanda kwa kasi ambayo mwili wake haukuwa umeizoea.

"Nini tena hiki?" Mtunzi akauliza. "Tumekuja kuzindua kitabu changu au kusomewa rafu?"

"Vyote viwili. Inspekta, samahani. Pale ulipokunja sikio kubwa kuliko yote, ni habari ya vikombe, siyo?"

"Ndiyo," Inspekta akajibu kwa tahadhari.

"Fungua. Mimi nafungua hiki. Soma kwa sauti, na mimi nasoma changu."

Inspekta alikohoa, akashika kitabu mbali na macho. Shubiri akashika cha kwake. Wakaanza pamoja, sauti nzito na sauti nyembamba:

"Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na alama ya mdomo. Cha pili kilikuwa safi, safi mno, safi kwa namna ya kutisha."

Neno kwa neno. Walimaliza kwa mpigo mmoja, na Inspekta akabaki mdomo wazi.

"Sadfa!" Mtunzi akapaza sauti.

"Geuza sikio linalofuata, Inspekta."

Wakasoma ufunguo. Ulikuwa umechomekwa upande wa ndani, mlango umefungwa kwa nje, na kitasa kilikuwa na baridi kama siri. Kwenye Ngazi ya Damu kitasa kilikuwa na baridi kama siri, na kwenye Ufunguo wa Kushoto vilevile. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka.

"Kitasa baridi kama siri," Shubiri alisema. "Aliyeiandika mwanzo sentensi hiyo nilimsema gazetini. Nilisema siri hazina baridi wala joto. Leo naikuta tena, imevaa suti, inaitwa kisa cha kweli."

"Nilichukua maneno ya shahidi!" Mtunzi alijitetea, kijasho kikimchuruzika mashavuni. "Mama wa marehemu aliniambia hivyohivyo! Kwa nini nimtilie shaka mama aliyefiwa?"

"Kwa sababu ni kazi yako, ndugu yangu! Hata mtu anayenunua viatu vya mtumba huvigeuza akatazama soli. Shahidi anakwambia kitasa kilikuwa baridi kama siri, na wewe unaandika tu? Ungekuwa umesoma kitabu kimoja, kimoja tu cha mwenzako, ungestuka. Lakini wewe husomi. Unaogopa kuambukizwa!"

Ukumbi ukalipuka. Habari ya saa iliyosimama hawakuisoma watu wawili tena. Waliokuwa na nakala mkononi waliifungua wakasoma pamoja na Shubiri, aliyeshika kile chenye paka, kwa sauti ya kuimba, mpaka paka wa kwenye jalada akapata umaarufu ambao mtunzi wake hakuwahi kuuota. Mchapishaji wa Ngazi ya Damu, aliyekuwa ameketi meza kuu na chupa ya maji, aliinuka polepole akaanza kulifungua bango kutoka ukutani.

Inspekta akasimama. Akaenda mpaka safu ya mwisho, akainama.

"Mama, hivi vikombe uliviona?"

"Nilivisoma," mama akasema.

"Ufunguo?"

"Niliusoma."

"Saa?"

"Nayo niliisoma. Lakini mwanangu..."

"Basi, mama. Inatosha. Pole sana na msiba."

Watu wakacheka tena, na safari hii hawakumcheka Mtunzi. Kijana mmoja akasema bibi huyu angepewa yeye kalamu. Mwingine akasema awe mpelelezi kabisa, na kofia anunuliwe. Mama hakuinamisha kichwa. Aliukunjua ukanda wa mkoba wake uliojiviringa, akaulaza vizuri, akangoja wamalize.

Inspekta alimpa shemeji mkono. "Daktari, tusameheane. Kazi ni kazi."

"Hamna neno," shemeji akajibu, na meno yote yakatoka nje kushangilia. Watu wakamzunguka, kila mmoja akitaka kuonekana kwamba hakuwahi kuamini. Wengine walikuwa wameamini mpaka nusu saa iliyopita, tena kwa kelele.

Shubiri alijisikia vizuri. Hatutaona haya kulisema. Alikuwa amemchinja Mtunzi hadharani kwa kisu cha Mtunzi mwenyewe, na utamu wa jambo hilo ulimkaa kinywani mpaka alipofika safu ya mwisho na kuketi kando ya mama yake.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Mama, umeniaibisha."

"Aliyechekwa ni mimi, mwanangu."

Shubiri akakisogeza kiti chake karibu. "Sasa kwa nini?" akauliza. "Kwa nini umzushie mtu anayekutunza?"

"Sikumzushia. Niliyoyaongeza ni hayo mliyoyasoma. Nililoliona halimo kitabuni."

"Uliona nini?"

"Shati."

Shubiri alitaka kucheka. Uso wa mama ukamzuia.

"Si unakumbuka nililala kwao?" mama alisema, sauti ya chini. "Asubuhi ile alitoka kwenda kazini kavaa shati la bluu, lile la mistari. Mimi mwenyewe nilimfungulia geti. Mchana nikaenda kumwona shangazi yenu. Narudi, namkuta mdogo wako chini ya ngazi. Nikapiga yowe, majirani wakaja, wakampigia mumewe simu, naye akaja mbio kutoka kliniki."

"Haya yote nayajua, mama."

"Akaja kavaa jeupe."

"Madaktari hubadilisha nguo."

"Hubadilisha. Lakini lile la bluu lilikuwa uani, kwenye kamba, linachuruzika maji."

Ukumbini watu walikuwa wakiburuta viti. Shubiri hakuwasikia tena. Alilipitia jambo lile kama anavyopitia sura ya mwisho ya kitabu, akitafuta tundu la kulitolea kasoro, na safari hii tundu halikuwepo. Shati lilitoka asubuhi mgongoni mwa mtu. Mchana limerudi, limefuliwa, limeanikwa. Na mwenye mgongo anaapa kwamba hakurudi.

"Mama," alisema. "Hili ulimwambia nani?"

"Huyo Inspekta wenu. Akaniambia mama pole, huzuni huchanganya mambo. Nikamwambia Mtunzi, tena ndilo la kwanza kabisa nililomwambia. Akapiga miayo. Akasema mama, nani atanunua kitabu cha shati kwenye kamba? Nipe vitu. Basi nikampa vitu."

"Mungu wangu! Sasa kwa nini hukuja kwangu?"

"Nilikuja. Nikakukuta unaandika. Ukaniambia mama, ngoja kidogo, namchinja mtu hapa. Nikangoja. Ukamaliza, ukanisomea, tukacheka. Nikaona leo umefurahi, nisikuharibie. Nikaenda zangu."

Shubiri aliona haya, haya ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Mama huyu ameomboleza mwaka mzima na neno moja la kweli mdomoni, na kila aliyeendewa alikuwa na shughuli. Mwisho akajifunza kwamba watu hawasikilizi jambo mpaka litiwe viungo, akalitia. Na binti yake, msomaji hodari, amesimama mbele za watu akalimwaga lote, viungo na nyama.

"Lile shati liko wapi?"

"Ninalo. Nililianua siku ileile, watu wanalia, nikalitia kwenye begi langu likiwa bichi. Sasa liko chini ya godoro ninalolalia."

"Kule kwake?"

"Kwingine ninalala wapi?"

"Shati gani hilo, mama?"

Wote wawili waliinua macho. Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Amesimama hapo tangu lini, hakuna aliyejua.

"Shati la sare ya shangazi," Shubiri akadakia haraka. "Shemeji, leo mama analala kwangu."

"Kwako?" Shemeji alicheka kwa upole, akapaza sauti kidogo ili walio karibu wasikie. "Shemeji, dawa za mama ziko kwangu. Kitanda chake kiko kwangu. Na leo kachoka, mmemcheka kutwa. Mimi ndiye niliyetukanwa hapa na bado namtaka nyumbani."

"Nimesema analala kwangu!"

"Dada, mwache mzee akapumzike," mwenye duka aliingilia. "Huyu mkwe ni dhahabu. Mwingine angemfukuza leoleo."

"Kweli kabisa," wakaitikia wengine, walewale waliokuwa wakiimba na Shubiri habari ya saa. "Si wewe mwenyewe uliyetuonyesha kwamba mtu huyu hana kosa?"

Shemeji alikuwa ameshauchukua mkoba wa mama. Akamshika mkono kwa adabu, akamwinua. Mama alimtazama binti yake. Wakaanza kushuka.

Shubiri aliwapita ngazini karibu kuwaangusha watu. Akatokea barabarani, akaliona gari la polisi likitoka kwenye maegesho, akaligonga bodi kwa kiganja mpaka likasimama.

"Inspekta! Ngoja! Kuna shati! Shemeji aliondoka nyumbani asubuhi kavaa shati, na mchana shati hilohilo likawa kwenye kamba, linadondosha maji! Mama aliliona kwa macho yake!"

Inspekta alimtazama juu hadi chini. Halafu, polepole, akaanza kucheka, na dereva wake akacheka naye.

"Na hilo," akauliza, "umelisoma kitabu gani?"

Gari likaondoka. Shubiri alibaki katikati ya barabara, mkono bado uko hewani, watu wakimpigia honi.

Gari jeupe likaja taratibu likasimama ubavuni pake. Mama alikuwa kiti cha mbele, mkanda umeshafungwa, mkoba wake umewekwa kiti cha nyuma asikoweza kuufikia. Kioo cha upande wa dereva kikateremka. Shemeji alitoa kichwa, akatabasamu, akaongea kwa sauti ambayo mpita njia angedhani anaaga.

"Shemeji, nimelitafuta shati hilo mwaka mzima. Sikujua kama nalilaza chini ya paa langu."

Kioo kikapanda, na gari likaingia njia ya kwenda nyumbani.